Usianze na Fasili: Kwa Wanaoingia Darasa la Tanzia ya Kigiriki

Madesa ya nadharia ya tamthiliya humfikia mwanafunzi mgeni kabla hata mwalimu hajaingia darasani. Ukurasa wa kwanza unajulikana: tanzia ni uigaji wa tendo zito, lililokamilika, lenye ukubwa wa kutosha, kwa lugha iliyonakshiwa, linalotendwa badala ya kusimuliwa, na ambalo kwa njia ya huruma na hofu huleta utakaso wa hisia za namna hiyo. Chini yake vijenzi sita: msuko, tabia, fikra, lugha, wimbo na mandhari. Chini ya hapo "dosari ya shujaa", halafu "umoja wa aina tatu". Ukiyameza yote hayo ukayatapika siku ya mtihani, utafaulu. Sisemi uongo, utafaulu. Ila muhula wa pili ukipewa tamthiliya usiyoijua ukaambiwa uijadili, utajikuta mikono mitupu, maana ulimeza majibu na maswali yenyewe hukuwahi kuyasikia.

Nimekaa miaka kadhaa upande wa mwalimu wa semina, nikisahihisha insha za kozi hii. Kama ningeruhusiwa kubadilisha jambo moja tu, ningebadilisha mahali pa kuanzia. Anza na ugomvi. Ile fasili ya Aristotle ni utetezi katika kesi, na aliyeifungua kesi ni mwalimu wake mwenyewe, Plato.

Kwanza mashtaka

Chukua Jamhuri ya Plato, kitabu cha 10. Usianzie kitabu cha 1, utachoka kabla hujafika; cha 2 na cha 3, vinavyohusu hadithi wanazosimuliwa watoto, utavirudia baadaye. Mwanzoni mwa kitabu cha 10 Sokrates, ambaye Plato anamtumia kama msemaji wake, anazungumzia vitanda vitatu: kimoja cha asili alichokiumba Mungu, kimoja anachokitengeneza seremala, na kimoja anachokichora mchoraji. Mchoraji hajui useremala. Anaiga sura ya kitanda tu, tena kwa upande mmoja. Mshairi naye, anasema Sokrates, yuko pale pale, hatua ya tatu kutoka kwenye ukweli. Hoja hii ndiyo inayopendwa na madesa, na kwa maoni yangu ndiyo dhaifu kuliko zote. Ielewe, kisha endelea.

Hoja yenye meno iko mbele kidogo, 605c hadi 606d. Hapo Plato anasema kwamba hata walio bora miongoni mwetu, tukimsikia Homer au mtunzi wa tanzia akimwigiza shujaa aliyefiwa, anayeomboleza kwa maneno marefu na kujipiga kifua, tunaona raha. Tunamfuata kwa huruma, na mtunzi anayetutoa machozi zaidi ndiye tunayemsifu. Lakini msiba ukitufika wenyewe tunajisifia kinyume chake, yaani kunyamaza na kustahimili, kwa kuwa huo ndio uanaume (ndiyo, anasema kulia ni tabia ya wanawake; weka alama pembeni ya ukurasa, utaihitaji). Sasa inakuwaje tumshangilie jukwaani mtu ambaye tungeona aibu kuwa kama yeye? Jibu lake ni kwamba ndani ya nafsi kuna sehemu yenye njaa ya kulia. Kwenye misiba yetu tunaizuia kwa nguvu. Mtunzi anailisha hiyo hiyo, na akili inalegeza ulinzi kwa kuwa msiba ni wa mtu mwingine. Ukishainenepesha kwa misiba ya watu, hutaiweza siku ya msiba wako. Ushairi, anasema, unayanywesha maji mambo yaliyopaswa kukauka.

Kaa hapo kwanza, usikimbilie kumpinga. Sote tunamjua mtu aliyejikaza makaburini hadi watu wakamsifu, kisha akalowa machozi mbele ya tamthiliya ya runinga. Plato ameliona jambo hilo barabara. Swali ni kama ameeleza sawasawa linatokana na nini na linaelekea wapi. Mwanafunzi anayemdharau Plato kwa kuwa "alifukuza washairi" hataona kwa nini Aristotle alihitaji kuandika.

Kwenye 607 Plato anautaja ugomvi wa kale kati ya falsafa na ushairi, halafu anaacha mlango wazi. Wapenzi wa ushairi ambao wenyewe si washairi waje wautetee kwa lugha isiyo na mizani, waonyeshe kwamba mbali na utamu una manufaa. Aristotle aliingia katika shule ya Plato mwaka 367 KK akiwa kijana wa miaka kama 17, akabaki hapo mpaka mwalimu wake alipofariki mwaka 347. Hatangazi popote kwamba anaitikia mwaliko huo. Lakini isome Poetiki, kazi yake juu ya ushairi na tanzia, kama mtu anayemsikiliza wakili wa upande wa pili, uone jinsi vipande vinavyokaa mahali pake. Plato kasema kuiga kunatupeleka mbali na ukweli. Sura ya 4 ya Poetiki inasema binadamu hujifunza mambo yake ya kwanza kwa kuiga, tena anafurahia kujifunza huko. Plato kasema mshairi hajui kitu. Sura ya 9 inasema ushairi una falsafa ndani yake kuliko historia, kwa sababu historia inaeleza alichofanya fulani, ilhali ushairi unaeleza mambo ambayo mtu wa namna fulani angeyafanya kwa uwezekano au kwa ulazima. Plato kasema huruma ya jukwaani inaharibu nafsi. Sasa fasili ya sura ya 6 inayotaja huruma, hofu na utakaso huisomi tena kama kitu kilichoanguka kutoka mbinguni.

Hizi namba 605c, 607 na kadhalika, zizoee mapema. Za Plato zinatokana na chapa ya Stephanus ya mwaka 1578. Za Aristotle zinatokana na chapa ya Bekker ya mwaka 1831, na humo Poetiki inaanzia 1447a na kuishia 1462b. Zimeandikwa pembeni mwa karibu kila tafsiri yenye heshima. Ukiandika kwenye insha "Aristotle, uk. 23", msahihishaji hajui ni ukurasa wa 23 wa chapa ipi. Ukiandika 1449b, tumemaliza.

Tamthiliya kabla ya nadharia

Soma tamthiliya. Najua ushauri huu unachosha, lakini sina namna. Huwezi kuielewa Poetiki bila kusoma tanzia tatu nne, kwa sababu Aristotle anaandika kwa watu waliozisoma au kuziona. Kazi yenyewe haijanyooshwa ikawa kitabu. Inaelekea ni maandishi yake ya kufundishia, yenye mikato na marukio, na sehemu iliyohusu vichekesho haikutufikia. Aristotle mwenyewe alizaliwa mwaka 384 KK, Sophocles na Euripides wakiwa wamefariki yapata miaka 20 kabla yake. Anaangalia nyuma, na lundo lililo mbele yake ni kubwa kuliko letu. Sisi tumebakiwa na tamthiliya 7 za Aeschylus, 7 za Sophocles na 19 za Euripides, ukihesabu na zile chache zinazotiliwa shaka. Kwa hiyo usishangae kanuni yake ikigoma kukaa kwenye tamthiliya unayoisoma. Nyingi zinagoma.

Kwa kuanzia, Oedipus wa Sophocles. Tafsiri ya Kiswahili ipo, Mfalme Edipode ya Samuel Mushi, iliyotoka mwaka 1971. Itafute maktaba hata kama Kiingereza chako hakina shida, maana korasi ukiisoma kwa lugha uliyozoea kuombea dua na kuombolezea inakugusa kwa namna nyingine.

Mandhari ya kihistoria usiyatumie muda mrefu. Sherehe za mungu Dionisio mjini Athens, watunzi watatu wakishindana, kila mmoja akileta tanzia tatu na mchezo mmoja wa masatiri, yaani wa mzaha. Uwanja ulio kusini mwa kilima cha Akropoli. Waigizaji wasiozidi watatu wakibadilishana vinyago. Hayo yanatosha kuanzia. Lakini kuna kisa kimoja nakuomba usikiruke. Mwaka 494 KK Waajemi waliuteka mji wa Miletus, ambao watu wake walikuwa na udugu na Waathene. Mtunzi Phrynichus akautungia mchezo. Mwanahistoria Herodotus anasimulia kwamba watazamaji wote waliangua kilio, kisha Waathene wakamtoza mtunzi faini ya drakma 1,000 kwa kuwakumbusha misiba yao wenyewe, na wakapiga marufuku mchezo huo usionyeshwe tena. Mwaka 472 Aeschylus akaleta Waajemi. Vita ni vile vile kati ya Wagiriki na Uajemi, ila safari hii wanaolia ni maadui, huko Susa, kwenye kasri la mfalme wao. Hiyo ilishinda.

Sasa nenda kwenye Retoriki ya Aristotle, kitabu cha 2, sura ya 5 na ya 8. Wanafunzi wengi hawajui kwamba fasili za hofu na huruma ziko huko, na Poetiki inazichukulia kama zinajulikana. Huruma ni uchungu unaoupata kwa kuona baya likimpata asiyestahili, baya ambalo wewe nawe ungeweza kulitarajia likupate wewe au mtu wako. Lakini likisogea mno, anasema, linaacha kuwa la kuhurumiwa, linakuwa la kutisha tu. Anataja kisa cha Amasis, ambaye hakulia mwanawe alipopelekwa kuuawa, ila alilia alipomwona rafiki yake akiombaomba. Ukiweka kisa hiki kando ya faini ya Phrynichus, umepata insha. Huruma ya tanzia inataka umbali wa kadiri: mtu awe kama sisi, ila asiwe sisi.

Kuhusu hiyo "dosari"

Hapa ndipo wino mwekundu unapokwisha. Kila insha inasema Oedipus aliangushwa na kiburi chake. Inayofuata inasema Antigone aliangushwa na ukaidi. Nyingine Othello, wivu. Ukitaka kumchosha msahihishaji, mtafutie shujaa tabia mbaya moja halafu uiite hamartia, neno la Kigiriki ambalo madesa huligeuza "dosari".

Soma sura ya 13 taratibu. Aristotle anatafuta aina ya mtu ambaye kuanguka kwake kutaleta huruma na hofu. Mwema kabisa akianguka, tunachukizwa. Mwovu akianguka, hatumhurumii, kwa sababu kastahili. Anabaki wa katikati, ambaye anaanguka *si* kwa ubaya wala uovu, bali kwa hamartia. Angalia sentensi ilivyojengwa: hamartia imewekwa upande wa pili wa tabia mbaya. Ni kosa, tena mara nyingi kosa la kutojua, mfano kutomjua mtu uliyenaye mbele yako. Oedipus alimuua mzee njia panda bila kujua ni baba yake. Ana hasira? Anayo, wala hakuna anayekataa. Lakini mvue hasira yote umwache mpole, bado atakuwa ameishi miaka na mama yake mzazi bila kujua.

Chukua tukio la mjumbe kutoka Korintho ulisome kwa penseli mkononi. Mjumbe anafika na habari njema: mfalme Polybus amefariki, na watu wa huko wanamtaka Oedipus awe mfalme wao. Oedipus anapumua, maana unabii ulisema atamuua baba yake na kumwoa mama yake, na Polybus, anayemjua kama baba, amekufa kwa uzee. Bado lakini anaogopa kurudi, kwa sababu mama yupo. Mjumbe, kwa moyo safi, anataka kumwondolea hofu: hiyo tu? Polybus hakuwa baba yako. Mimi mwenyewe ndiye niliyekupeleka kwake, nilikupokea kwa mchungaji mlimani Kithairon, ukiwa mtoto mchanga mwenye vifundo vya miguu vilivyotobolewa. Wakati haya yanasemwa Jokasta, mke wa Oedipus, amesimama pale. Oedipus ndiye anayezungumza, ila anayeelewa kwanza ni Jokasta. Anamsihi mumewe asiulize zaidi, kisha anaingia ndani. Na Oedipus anafikiri nini? Kwamba mkewe anaona haya asije akagundulika kuwa ameolewa na mtoto wa mtumwa.

Aristotle analitaja tukio hili hili katika sura ya 11: mjumbe alikuja kumfurahisha Oedipus na kumwondolea hofu juu ya mama yake, akafanya kinyume. Hapo mgeuko wa hali na utambuzi vimetokea kwa pigo moja, na ndiyo maana anaona ni utambuzi bora kuliko mwingine wote. Sasa jiulize kiburi kiko wapi katika tukio hilo. Tukio zima linasukumwa na wema wa mjumbe.

Ukishaiva hapo, fungua sura ya 14 ukutane na tatizo ambalo madesa hulificha. Sura ya 13 imesema msuko bora unaishia katika balaa, na imemtetea Euripides kwa sababu hiyo. Sura ya 14 inasema njia bora kabisa ni pale mtu anapokaribia kumuua ndugu yake bila kumjua, akamtambua kabla hajatenda, kama Iphigenia na kaka yake Orestes huko kwa Watauri. Yaani balaa linakwepwa! Wataalamu wameshindana karne nyingi kuzipatanisha sura hizi mbili. Wewe mgeni usizipatanishe. Zionyeshe, sema unaegemea wapi na kwa nini, na faidika na jambo moja la uhakika: yeyote anayekwambia tanzia lazima iishe kwa kifo cha shujaa hamnukuu Aristotle. Trilojia ya Oresteia ya Aeschylus inaisha kwa mahakama na upatanisho, na hakuna Mgiriki aliyesema si tanzia.

Katharsisi, lile neno la "utakaso"? Kwa maana ya athari ya tanzia limo mara moja tu katika Poetiki, ndani ya fasili, bila ufafanuzi. Kwenye Siasa, kitabu cha 8, Aristotle anaahidi kulieleza vizuri zaidi katika maandishi yake juu ya ushairi, na maelezo hayo hatunayo. Maktaba nzima imejengwa juu ya pengo hilo. Kuna wanaoliona kama kutolewa uchafu kwa maana ya kitabibu, hasa tangu Jacob Bernays alipoliandikia mwaka 1857. Freud, ambaye alikuja kumwoa Martha, binti wa kaka yake Bernays, naye akaanza kazi yake kwa tiba waliyoiita kwa jina hilo hilo. Wapo wanaoliona kama kusafishwa kwa hisia, zifae na zikae kwa kadiri. Wapo wanaoliona kama kufafanuka kwa jambo akilini. Chagua mawili, yapime kwa maneno ya Aristotle mwenyewe, acha mengine. Insha za katharsisi zenye kurasa kumi huwa na wazo la kurasa mbili.

Njia ya Baghdad

Mitaala mingi inaruka kutoka Athens hadi Italia ya karne ya 15 kana kwamba katikati watu walilala. Usiikubali ruka hiyo, na msomaji wa Kiswahili ana sababu yake mwenyewe ya kutoikubali.

Katika karne ya 10, huko Baghdad, Abu Bishr Matta, Mkristo aliyekuwa bingwa wa mantiki, aliitafsiri Poetiki kwa Kiarabu kutoka Kisiria. Yeye wala wasomaji wake hawakuwa na jukwaa la namna ile, kwa hiyo tanzia ikageuka *madih*, ushairi wa kusifu, na kichekesho kikageuka *hija*, ushairi wa kukashifu. Wanafalsafa Al-Farabi na Ibn Sina waliifanyia kazi, na Ibn Rushd wa Cordoba (1126–1198) akaiandikia sherehe, yaani maelezo ya kuifafanua, iliyofuata msingi huo huo. Mwaka 1256 Hermannus Alemannus aliitafsiri sherehe ya Ibn Rushd kwa Kilatini kule Toledo. William wa Moerbeke alikuja kuitafsiri Poetiki yenyewe kutoka Kigiriki mwaka 1278, lakini karibu hakusomwa. Kwa miaka mingi Aristotle wa ushairi aliyejulikana Ulaya alikuwa huyu aliyevaa kilemba cha Ibn Rushd.

Ni desturi kumcheka Ibn Rushd kwamba alieleza tamthiliya bila kuijua. Mimi simcheki. Alilazimika kujiuliza swali ambalo wenye majukwaa hulisahau: ushairi unamfanya nini msikilizaji? Akalijibu kwa mifano aliyokuwa nayo. Kwa huzuni na hofu akataja kisa cha Nabii Ibrahimu alipoamriwa kumtoa mwanawe sadaka. Kipime kwa sura ya 14: baba, mwana, kisu, na tendo linalozuiwa dakika ya mwisho. Kinakaa vizuri kuliko tanzia kadhaa za Kigiriki, ingawa tofauti ni kwamba Ibrahimu anamjua vizuri anayetaka kumchinja, na hilo linafaa kujadiliwa.

Kwa sisi tuliokulia kwenye kasida na tenzi, ushairi unaosifu wema ili msikilizaji aufuate si jambo geni hata kidogo. Jaribu zoezi hili. Soma Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, zile beti za majumba ya Pate yaliyobaki magofu, madaka yaliyopangiwa vyombo vya kaure yakiwa sasa viota vya makinda ya ndege. Huruma ipo, hofu ipo, na mshairi anauambia moyo wake waziwazi kwamba hayo yatakupata nawe. Kwa kipimo cha Ibn Rushd kazi imetimia. Kwa kipimo cha Aristotle utaulizwa: tendo liko wapi, nani anageuka kutoka hali gani kwenda hali gani, na msuko ambao ndio roho ya tanzia uko wapi? Usijibu haraka kwamba Al-Inkishafi imepungukiwa. Huenda ni Aristotle aliyefunga mlango mmoja mapema.

Waliokuja baadaye, kwa kuchagua

Huwezi kuwasoma wote. Umoja wa wakati, mahali na tendo utaupitia kwa haraka: Aristotle anasisitiza tendo, kuhusu wakati anasema tu kwamba tanzia hujitahidi kukaa ndani ya mzunguko mmoja wa jua au kuzidi kidogo, mahali hakusema. Aliyeikaza sheria hiyo ya aina tatu ni Castelvetro, Mwitalia, mwaka 1570, na Wafaransa wakaitumia kumwadhibu mtunzi wao Corneille kwa Le Cid ya 1637. Ukiandika "umoja wa aina tatu wa Aristotle" utakatwa maksi, na ni haki yako kukatwa.

Mwanafalsafa Hegel ni muhimu, hasa kwa Antigone ya Sophocles, ambamo dada anamzika kaka yake kinyume cha amri ya mfalme Kreon. Kwake tanzia kubwa si haki kupambana na dhuluma, ni haki mbili zinazogongana, kila moja ikiwa na upofu wake: sheria ya ukoo na wafu upande wa Antigone, sheria ya dola upande wa Kreon. Wengi wetu tunamsoma Kreon kama dikteta tu. Kumbuka basi kwamba wafungwa wa Robben Island waliigiza Antigone, na aliyechukua nafasi ya Kreon alikuwa Nelson Mandela. Mfungwa wa siasa alilazimika kuyasema maneno ya mfalme yakaaminika.

Halafu Brecht, mtunzi wa tamthiliya Mjerumani, na kwa njia yake Ebrahim Hussein. Brecht aliuita ukumbi wake usio wa Kiaristotle, kwa hoja kwamba mtazamaji akizama ndani ya mhusika anaacha kuuliza kama mambo yangeweza kuwa vingine. Sikiliza vizuri utamsikia Plato humo, akiwa amebadili chama. Hussein alisoma Ujerumani Mashariki na kuandika tasnifu yake ya udaktari juu ya maendeleo ya tamthiliya Afrika Mashariki, lakini kabla ya hapo alishatoa Kinjeketile, mwaka 1969. Isome mara baada ya Oedipus. Kinjeketile anawapa watu maji na neno, neno linawaunganisha, kisha linamzidi nguvu. Anataka wangoje, wao wanataka vita. Mwishoni, akiwa kifungoni, Mjerumani anamtaka aseme kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa sababu akisema hivyo watoto wa kesho wataambiwa baba zao walipigania uongo.

Hapo usiandike "hamartia ya Kinjeketile ni..." Uliza utambuzi unatokea wapi. Oedipus anatenda bila kujua, kisha anajua. Kinjeketile ana shaka mapema, balaa linakuja huku anaona, na kitendo chake kizito kuliko vyote anakifanya akiwa anajua kila kitu, nacho ni kukataa kusema. Sura ya 14 inaorodhesha uwezekano wa kutenda na kutotenda, kwa kujua na kwa kutojua. Jaribu kumweka Kinjeketile kwenye orodha hiyo. Hakai vizuri popote, na sababu za kutokaa kwake ndizo insha yako.

Mwanafalsafa Nietzsche mwache mpaka mwisho. Anavutia, anaandika kwa moto, na wageni wakimwanza wanaona kila kitu kama Apollo dhidi ya Dionisio. Kitabu chake cha kwanza, cha mwaka 1872, kinadai kwamba tanzia iliuawa na Euripides akisaidiwa na akili ya Sokrates. Mwaka huo huo kijana Wilamowitz, mtaalamu wa Kigiriki, alimshambulia kwa kijitabu kwamba haujui Ugiriki anaouzungumzia. Kabla ya kuchagua upande, soma Bacchae ya huyo huyo Euripides anayeshtakiwa. Agave anarudi kutoka mlimani na kichwa mkononi akiamini ni cha simba. Baba yake Kadmos hamwambii. Anamwomba kwanza atazame anga, amwambie kama imebaki ile ile au imebadilika. Kisha anamuuliza aliolewa nyumba ya nani, akamzaa nani na mumewe. Ndipo anapomuuliza: sasa, hicho ulichoshika ni kichwa cha nani? Ukishamaliza hapo rudi kwa Nietzsche, sehemu ya 12, ambako anasema Euripides alijuta uzeeni na majuto yake yakachelewa. Andika ukurasa mmoja: unakubali, au anakwepa tamthiliya iliyomharibia hoja? Uje nao semina.